Kazi Zilizokwisha Umeme Ulipowashwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mradi Mmoja wa Sola

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kaunti moja kame ya Kenya, wakati wa ujenzi wa kituo cha kuzalisha umeme wa jua kwa ajili ya gridi ya taifa. Majina ya kampuni, vijiji, koo na watu yameondolewa, miaka haikutajwa, na idadi za wafanyakazi zimekadiriwa tu ili mahali pasitambulike. Niliitwa katika mwezi wa 5 wa ujenzi, barabara ikiwa tayari imefungwa kwa mawe, niwe msuluhishi kati ya kamati ya ardhi ya jamii, mwekezaji na wakandarasi wake. Niliendelea kufuatilia mambo hadi mwaka wa 2 baada ya umeme kuwashwa. Yaliyomo humu yametokana na kumbukumbu za vikao, madaftari ya malipo na mazungumzo na vibarua wenyewe, na nimeyaandika kwa ajili ya kamati za ardhi, maofisa wa kaunti na vyama vya wafanyakazi ambao hawatakawia kukaa meza moja na mwekezaji wa aina hii.

Usuli

Kenya si mgeni wa umeme safi. Mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme huko Olkaria tangu mwaka 1981, na leo takriban asilimia 90 ya umeme wa taifa inatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Kwa hiyo mwekezaji wa sola anapofika katika ardhi ya wafugaji, hoja ya kuwa nishati safi ni jambo jema haina mpinzani. Kinachobishaniwa ni nani atakayefanya kazi, atalipwa vipi, kwa muda gani, na ardhi itabaki mikononi mwa nani.

Ardhi ya mradi huu ilikuwa malisho ya pamoja, yaliyosajiliwa kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano yoyote ya uwekezaji katika ardhi ya namna hiyo yaidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilohilo, na inataka makubaliano yenyewe yaeleze fidia, urejeshaji wa ardhi katika hali yake, na jinsi jamii itakavyojengewa uwezo na kupatiwa teknolojia. Mkutano uliitwa, akidi ikatimia, na mkataba wa kukodisha ukatiwa saini kwa kodi maalumu ya kila mwaka. Kipengele cha kujengewa uwezo kilikuwemo, lakini kwa sentensi moja tu: kwamba mwekezaji “atajitahidi kuwapa wenyeji mafunzo”. Nani angefunzwa, lini, na kwa cheti gani, mkataba haukusema.

Jambo jingine lilitokea katika baraza la kwanza ambalo nililifahamu baadaye sana, niliposikiliza rekodi yake kwenye simu ya kijana mmoja. Mhandisi wa mwekezaji, akizungumza Kiingereza, alisema kwamba mradi ungeajiri watu 400 katika kipindi cha ujenzi. Mkalimani, mtu mwaminifu na asiye na nia mbaya yoyote, alifasiri kwa lugha ya wenyeji kwamba mradi utaajiri watu 400. Maneno “katika kipindi cha ujenzi” yalidondoka njiani. Katibu wa kamati akaandika kwenye kumbukumbu: “ajira 400, miaka 20.” Ile miaka 20 ilikuwa muda wa mkataba wa kuuza umeme, uliotajwa dakika chache baadaye kwa jambo jingine kabisa. Kutoka siku hiyo, kila nyumba ilianza kuhesabu mtoto wake mmoja miongoni mwa wale 400.

Kuna ukweli wa kiufundi ambao ulipaswa kuelezwa hapo kwa utulivu. Kituo cha sola hakinunui mafuta. Gharama zake karibu zote hutoka mwanzoni, yaani paneli, chuma, kebo, inveta, transfoma na mikono ya kuvifunga. Kikishawashwa, kinahitaji walinzi, wafyekaji wa nyasi, waosha paneli, na mafundi wachache wanaotazama vipimo. Mgodi wa makaa ya mawe huajiri wachimbaji kizazi baada ya kizazi kwa sababu lazima makaa yachimbwe kila siku, jua halichimbwi. Hilo ndilo linaloufanya umeme huu kuwa nafuu kuendesha, na hilohilo ndilo linalozifanya kazi zake kuwa nyingi kwa mwaka mmoja na chache kwa miaka 20 inayofuata. Wanajamii wale walikuwa wafugaji, watu waliozoea kupanga mvua na kiangazi cha miaka ijayo, na sina shaka kwamba wangeelewa hesabu hiyo kama wangeelezwa.

Mfuatano wa matukio

Mkandarasi mkuu, kampuni ya kigeni, aliigawa kazi kwa wakandarasi wadogo wanne: wa uzio, wa kupigilia nguzo, wa kufunga fremu na paneli, na wa kuchimba mitaro ya kebo. Kila mmoja alijitafutia vibarua. Hakukuwa na ofisi ya ajira, kwa hiyo ajira ilifanyika getini alfajiri, na palipokuwa na geti hawakukosekana mabroka. Kufikia mwezi wa 3 desturi ilikuwa imeota mizizi: kijana asiyekubali kukatwa shilingi 100 katika ujira wake wa siku hakuitwa jina. Wengine walisafiri kutoka miji ya mbali kwa kuitwa na mabroka hao, wakapanga vyumba sokoni, na wenyeji wakawa wanapishana nao barabarani asubuhi wakirudi nyumbani mikono mitupu. Kilele cha ujenzi kilipokaribia, uwanjani walikuwepo watu wapatao 600, na waliotoka katika vijiji vyenye ardhi hawakufika theluthi.

Waliobahatika kuingia nao walikuwa na lao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, pamoja na haki zinazoambatana na hadhi hiyo: notisi, siku ya mapumziko yenye malipo, na likizo baada ya muda. Mkandarasi mdogo wa fremu alikuwa na njia ya kuikwepa. Siku ya 24 au 25 vibarua walilipwa na kuambiwa kazi imekwisha. Baada ya wiki moja waliandikwa upya, baadhi yao kwa majina ya katikati. Nililiona daftari la mnyapara wake. Mtu mmoja alikuwa ameandikwa mara nne kama watu wanne, kwa mwandiko uleule na namba ya simu ileile.

Katika mwezi wa 5 kijana mmoja alikatwa kiganja na ukingo wa fremu wakati wa kupakua. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki na wenzake, na walipouliza habari za fidia, kila mkandarasi alimsukumia mwenzake mzigo, maana jina lake halikuwepo katika orodha ya bima ya yeyote kati yao, ingawa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kesho yake alfajiri barabara ya changarawe inayoingia kituoni ilikuwa imezibwa kwa mawe na matawi ya miiba. Ilikaa hivyo siku 9. Malori ya paneli yalipanga foleni sokoni, na mwekezaji, aliyekuwa amefungwa na tarehe ya mwisho ya kuanza kuuza umeme, alikuwa akihesabu hasara kwa saa.

Nilipofika niliwakuta wazee wamekaa chini ya mgunga karibu na kizuizi, na vijana wamesimama kando yao. Mzee mmoja aliniambia kitu ambacho ndicho kilichoongoza vikao vyote vilivyofuata. Alisema: “Sisi hatukuukataa mradi. Tumefunga barabara kwa sababu barabara ndiyo peke yake iliyobaki mikononi mwetu.” Nilichukua muda kuipima kauli ile, kwa sababu kimahesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ardhi ilikwisha kukodishwa, kodi ilikwisha kupangwa, nguzo zilikwisha kuzama ardhini. Na miezi michache baadaye, malori yakiisha kupita, hata barabara isingekuwa na thamani ya kufungwa, maana umeme hutoka kwa waya.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ajira iondoke getini. Tulikubaliana kwamba kazi zisizohitaji ujuzi zigawiwe kwa kura ya wazi barazani, mbele ya chifu na kamati, kwa mafungu ya vijiji, na kwamba kazi za ufundi zitolewe kwa jaribio la vitendo lililo wazi kwa wote. Wazee kadhaa waliipinga kura. Walisema kazi haipigiwi bahati nasibu, kazi hupewa anayeijua. Tuliwajibu kwamba kupanga mawe, kubeba fremu na kuchimba mtaro ni kazi ambayo kila kijana mzima anaijua, na ya mafundi haitaguswa na kura. Mabishano makali zaidi yalikuwa kuhusu fungu lenyewe: liwe la koo au la vijiji? Koo kubwa zilitaka ugawaji ufuate koo. Kamati ilichagua vijiji kwa sababu ndani ya kila kijiji mlikuwa na wake walioolewa kutoka mbali, wafugaji waliohamia na familia zisizo na sauti, ambao wote wangepotea katika hesabu ya ukoo lakini malisho yao yalikuwa yamechukuliwa sawasawa na ya wengine. Nilikubaliana nao wakati ule, na sijabadili maoni.

Uamuzi wa pili ulihusu malipo. Mkandarasi mkuu alilazimika kuwa mlipaji mmoja wa vibarua wote, kwa M-Pesa, moja kwa moja kwenye simu ya mhusika, akiambatanisha ujumbe wa siku alizofanya na makato yake. Aliukataa kwa muda wa vikao viwili, akidai kwamba wakandarasi wadogo ni kampuni huru na yeye si mwajiri wa watu wao. Kilichombadilisha ni wakopeshaji wa mradi. Mabenki ya maendeleo yanayokopesha miradi mikubwa ya nishati huwa na masharti kuhusu wafanyakazi, yakiwemo walioajiriwa kupitia wakandarasi, na mwekezaji alikuwa ameyatia saini. Masharti hayo yalikuwa kabatini. Kamati ilipoyaomba kwa maandishi na kuyasoma kwa sauti kikaoni, mjadala ulikwisha asubuhi ileile. Kamati nyingi za ardhi hazijui kwamba nyaraka hizo zipo, na ningependa zijue.

Pamoja na hayo, wote waliokuwa wamefanya kazi kwa zaidi ya mwezi kwa kuhesabu siku zao zote, pamoja na zile zilizokatizwa kwa hila, waliandikiwa mikataba ya mwezi. Aliyeumia kiganja alilipwa gharama za matibabu na fidia, na bima ikakatwa kwa kila jina lililokuwa kwenye orodha ya malipo. Kwa kuwa sasa kulikuwa na orodha moja tu, hakuna jina lililoweza kupotea kati ya kampuni mbili.

Uamuzi wa tatu ndio ninaoujutia kwa kuchelewa kwake, na unahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Miongoni mwa vibarua wa timu ya kufunga fremu alikuwamo mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto watatu, aliyeingia kwa kura ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kukaza bolti za mwisho. Alitumia spana yenye kipimo, ambayo hutoa mlio mfupi pale nguvu iliyowekwa inapofikiwa. Baada ya mlio huo alichukua kalamu ya rangi nyeupe na kuchora mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya nati, wosha na chuma. Mstari huo ni ushahidi. Nati ikilegea kwa upepo na joto, mstari hukatika, na mkaguzi anayepita anauona bila kugusa kitu. Nilimwona akirudi nyuma safu nzima kwa sababu alihisi mlio wa bolti moja ulikuwa umekuja mapema mno. Aliikuta ina mchanga kwenye nyuzi, akaifungua, akaifuta kwa kanga yake, akaikaza upya. Mhandisi wa zamu aliniambia kwamba safu zake zilikuwa zinapita ukaguzi bila dosari. Nikamuuliza mwanamke yule kazi hii inaitwaje. Akasema, “Naandikwa kibarua.”

Kwa maneno mengine, ujuzi ulikuwa unaingia mikononi mwa watu kila siku na kutoka bila kuandikwa. Tuliamua kwamba kila kibarua katika timu za fremu, kebo na uunganishaji apewe daftari la kazi, linalotiwa saini kila Ijumaa na mnyapara pamoja na mhandisi, na kwamba mwekezaji alipe gharama za kuwaleta watahini wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kufanya majaribio ya ufundi ya daraja la 3, ambalo ndilo la kuanzia, hapohapo uwanjani. Hoja yetu ilikuwa rahisi. Kibarua akiondoka na ujira tu, ujira utaisha kabla ya mvua zinazofuata. Akiondoka na cheti, anaweza kupanda madaraja, na kwa wale wenye msingi wa umeme, wanaweza kuomba leseni za mafundi wa sola zenye madaraja T1, T2 na T3, ambazo sheria inazitaka kwa yeyote anayefunga mitambo hiyo. Lakini uamuzi huu ulifanyika mwezi wa 7. Upigiliaji wa nguzo ulikuwa umekwisha, na zaidi ya nusu ya fremu zilikuwa zimesimama. Waliozisimamisha wengi walikuwa wameshapunguzwa.

Matokeo

Barabara ilifunguliwa siku ya tatu ya vikao na haikufungwa tena. Kituo kilikamilika kwa kuchelewa kidogo. Kufikia mwezi wa mwisho wa ujenzi, wenyeji walikuwa zaidi ya nusu ya vibarua wote, na wanawake, ambao wakati wa mabroka walikuwa wakihesabika kwa vidole, walifika karibu robo. Kuhama kwa ajira kutoka getini kulisaidia sana hapo: hakuna mama mwenye mifugo ya kukamua na maji ya kuchota anayeweza kusimama getini saa kumi alfajiri akingojea kuitwa, lakini anaweza kufika barazani saa nne. Watu karibu 40 walifanya majaribio ya NITA na wengi wao wakafaulu.

Kisha umeme ukawashwa, kwa sherehe na hotuba. Ndani ya wiki sita kituo kilibaki na watu wapatao 30. Kati yao, wenyeji walishika ulinzi, ufyekaji na uoshaji wa paneli. Mafundi wa chumba cha udhibiti walitoka nje ya kaunti, isipokuwa wawili. Waliopunguzwa walipewa notisi na malipo yao kwa mujibu wa mikataba, jambo ambalo bila uamuzi wa pili lisingewezekana. Hata hivyo wengi walishtuka, kwa sababu ile kumbukumbu ya “ajira 400, miaka 20” ilikuwa bado hai vichwani mwao.

Sokoni palikuwa na maumivu ambayo hakuna kikao chetu kilichoyaona yakija. Akina mama wauza chakula walikuwa wakiwakopesha vibarua tangu mwanzo, na zamani mnyapara ndiye aliyewakatia deni lao wakati wa malipo. Ulikuwa mfumo wenye dhuluma ndani yake, lakini deni lilikuwa linalipika. Tulipohamisha malipo kwenda M-Pesa, kibarua alipokea pesa yake yote simuni, na wale waliotoka mbali walipopunguzwa walipanda gari usiku. Mama mmoja alinionyesha daftari lenye kurasa 11 za madeni ya chapati, maharagwe na chai. Vyumba vya mabati vilivyojengwa kwa mikopo ya vikundi vilibaki vitupu. Hatukuwaalika wauza chakula mezani, hata mara moja, ingawa walikuwa wanawalisha watu 600. Hilo ni kosa letu na langu.

Na vijiji vyenyewe vilibaki gizani kwa muda. Waya za kituo hubeba umeme wa kilovolti 132, na umeme wa kiwango hicho hauwezi kuingizwa nyumbani bila kituo cha kuupoza na njia za usambazaji, ambazo si wajibu wa mzalishaji. Ni maelezo ya kweli. Lakini mtoto anayesoma kwa kibatari huku nyaya zikipita juu ya paa lao hawezi kuyapokea kwa moyo mweupe, na hakuna sababu ya kumtaka afanye hivyo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni orodha moja ya malipo. Kura ilisifiwa kuliko yote, kwa sababu ilionekana na ilikuwa na shangwe, lakini kura pekee isingemlipa aliyeumia wala kuwavunja nguvu mabroka. Broka angemngojea mshindi wa kura nje ya baraza. Alikosa kazi kwa sababu hakuna pesa iliyopitia mkononi mwake. Anayetaka kujua kama mradi unawajali wafanyakazi, aulize kwanza: je, kuna mtu mmoja anayeweza kutoa leo majina yote ya watu waliomo ndani ya uzio, aliyewalipa, na bima zao?

Kilichofeli kwa kina kilikuwa wakati. Karibu kila kitu chema katika kisa hiki kilifanyika baada ya mwezi wa 5, na kwa sababu hiyo kilifanyika nusu. Katika uwekezaji wa jua na upepo, pesa nyingi hutoka mwanzoni na mkopo huanza kula riba kabla ya umeme kuuzwa. Kwa hiyo uzito wa neno la jamii huwa mkubwa kabla ya nguzo ya kwanza, hupungua kila lori linapopita, na hubaki mdogo sana siku ya sherehe. Mkataba wa ardhi ndio ulipaswa kubeba ajira, mafunzo na vyeti, katika vipengele vyenye tarehe na idadi. Mafunzo ya miezi mitatu yangeweza kuanza wakati tathmini ya athari za mazingira ikiendelea, ili siku ya kwanza ya upigiliaji iwakute vijana wenye daraja la 3 mkononi. Neno “atajitahidi” halimfungi mtu.

Miradi mingine nchini imeonyesha gharama ya kuliacha suala la ardhi na jamii likisubiri. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa takriban megawati 60, uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakulima. Mradi mkubwa wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulisimama na unazalisha, lakini mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za ardhi yake zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Wanaosema kwamba kushauriana na jamii kunachelewesha umeme safi huhesabu miezi ya vikao tu, na kusahau miaka ya mahakamani.

Pengo jingine ni la kisheria. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inatoza mrabaha kwa mvuke wa ardhini na kuelekeza asilimia 5 ya mrabaha huo kwa jamii ya mahali. Kwa jua na upepo hakuna mgao wa namna hiyo. Jamii ya kisa hiki inapokea kodi ileile kituo kikizalisha sana au kidogo, na shilingi ikishuka thamani, kodi nayo inashuka. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko ajira. Kazi 400 za mwaka mmoja zina faida yake, nimeona ada za shule zikilipwa na mbuzi wakinunuliwa. Lakini kitu kinachoweza kudumu miaka 20 pamoja na paneli ni sehemu ya mapato ya paneli hizo. Kamati ilipaswa kudai asilimia ndogo ya mauzo badala ya, au juu ya, kodi, na kuidai wakati mwekezaji bado anahitaji theluthi mbili ya mikono juu.

Hatuna budi pia kukiri mipaka ya meza yetu. Kwa hesabu za shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, kazi za nishati hiyo duniani zilifika milioni 16.2 mwaka 2023, na karibu nusu zilikuwa Uchina, kwa sababu huko ndiko paneli na vifaa vyake vinakotengenezwa. Afrika, yenye jua kuliko wote, ina sehemu ndogo sana. Naivasha kumekuwa na kiwanda cha kuunganisha paneli tangu mwaka 2011, na chuma cha fremu kinaweza kukatwa na kutobolewa hapahapa nchini. Katika mradi wetu fremu zote zilishushwa bandarini zikiwa tayari zimetobolewa. Uamuzi huo ulifanyika mbali na baraza lolote, na hakuna kura ya vijiji ingeweza kuugusa. Ni kazi ya serikali na ya vyama vya wafanyakazi kuudai katika mipango ya ununuzi, mradi kwa mradi.

Hali ilivyo sasa

Baadhi ya wenye vyeti wamepata kazi katika vituo vingine vya sola, wengine wanafunga pampu za sola kwenye visima vya wafugaji, kazi ambayo haipungui katika kaunti ile. Wengine wamerudi kwenye mifugo. Kikundi cha wanawake kimepata zabuni ya kuosha paneli kwa mkataba wa mwaka, kwa brashi ndefu na maji kidogo, alfajiri kabla kioo hakijapata moto.

Mkataba wa ardhi una kipengele cha kupitiwa upya katika mwaka wa 5, ambacho hakuna aliyekipa uzito siku ya saini. Kamati imeshaanza kujiandaa. Imeomba, na kupewa, taarifa ya kila mwezi ya umeme uliouzwa, na katibu, yuleyule aliyeandika “ajira 400, miaka 20”, anainakili kwenye daftari jipya lenye safu mbili: kilichozalishwa, na kilicholipwa kwa jamii. Kikao kijacho wameamua kuleta wakalimani wawili, na kila kitakachofasiriwa kitasomwa tena kwa sauti kabla ya kuandikwa.

Mwanamke wa spana sasa ana daraja la 2. Mara mbili kwa mwaka huitwa kituoni kwa ukaguzi wa fremu, akitembea safu kwa safu na kutafuta mistari myeupe iliyokatika. Kwenye orodha ya malipo ameandikwa fundi.